UZI: Tuliambiwa babu alifia Burma. Kumbe alifia hapa kwetu Ikolomani, akiwa likizo

#1 Mwana wa Malinya

Wadau, salamu. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, sitakasirika.

Kwetu ni Ikolomani, Kakamega. Kaka mkubwa wa babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, vita vya pili vya dunia. Tangu utoto nilijua jambo moja tu juu yake: alifia Burma. Hakuna picha, hakuna nishani, hakuna kaburi la kuonyeshwa. Kukiwa na matanga pale bomani, mshereheshaji akifika kwenye historia ya ukoo lazima aseme "boma hili lilitoa shujaa, mifupa yake iko Burma," na wazee wanaitikia kwa vichwa. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la saba niliandika insha juu yake. Nikamweka msituni na Wajapani, mvua inanyesha, chui wananguruma. Mwalimu akanipa 36 juu ya 40.

Mwaka jana nilikwenda kumwona kukhu (nyanya, kwa Kiluhya), dada yao wa mwisho, aliyeolewa upande wa Khayega. Mwili ulikuwa umechoka lakini akili safi kabisa. Tukawa tunapiga soga, nikamwuliza kama anamkumbuka huyo ndugu yake wa Burma. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyemjua.

"Burma gani? Huyo alikufa nikimwona. Walimtoa shimoni asubuhi, mimi ndiye niliyetumwa kuleta mkeka."

Wadau, nilikaa kimya nikidhani umri umeanza kumchezea. Haukuwa umri. Alinieleza yote kwa mpangilio, nami nayaandika hapa kama nilivyoyasikia.

Alikuwa amepigana na Wataliano huko Ethiopia. Akarudi likizo msimu wa mvua za masika, wakati mahindi yanapaliliwa. Alishuka gari moshi Kisumu, akadandia lori, mwisho akatembea kwa miguu. Alileta sabuni, sukari, na kabuti la jeshi, zito, la rangi ya kaki, ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Watoto walikuwa wanapanga foleni kushika vifungo. Kukhu alikuwa na miaka kama tisa hivi.

Usiku mmoja alikwenda matanga kijiji cha pili pamoja na rafiki yake, rika lake, kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Ngoma ya isukuti ilipigwa, pombe ya busaa ilinywewa, kukhu hakuficha hilo. Wakaanza kurudi alfajiri mvua ikinyesha, na badala ya kufuata barabara wakakata kupitia mahali pa mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Askari akatumbukia kwenye shimo lililojaa maji. Rafiki akapiga mayowe, watu wakaja na kamba, kukawa kumekucha. Maneno ya kukhu: "Lile kabuti lilikunywa maji, likawa zito kama ndama. Wanaume wanne walivuta."

Alizikwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Yaani kaburi liko pale pale, chini ya mti wa mwarubaini tunaoegeshea pikipiki.

Sasa Burma ilitoka wapi? Hapo ndipo penye kisa. Yule rafiki aliyajua mashimo yote, ndiyo kazi yake. Watu wakaanza kuuliza: kama uliyajua, ulimwachaje mwenzako? Kutoka hapo hadi uchawi ni hatua moja. Mama wa marehemu aliapa kutokanyaga kwao. Vijana wa kwetu wakataka kwenda kuchoma nyumba. Wazee wa pande mbili wakakutana, wakachinja, wakala pamoja, wakaamua kwamba neno shimo lisitajwe tena mbele ya watoto. Baadaye vita vilipoisha na wengine wakarudi na hadithi za Burma, mtoto akiuliza "na wetu je?" mama anajibu "alikwenda Burma." Ilikuwa rahisi. Haikumtaja mtu.

Jambo linaloniuma ni kwamba ningeweza kugundua mwenyewe. Babu aliacha Biblia yenye maandishi ya penseli ndani ya jalada, jina la kaka yake na "Aprili 1942." Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma 1944. Mtu hafii vita ambavyo kikosi chake hakijavifikia. Tarehe zote mbili nilikuwa nazo kichwani, sikuwahi kuzikutanisha.

Kukhu tumemzika Novemba. Nina maswali mawili. La kwanza, tunataka kujenga kaburi lile kwa saruji, na baba mdogo anasisitiza tuandike Burma kwa sababu "ndivyo ilivyokubaliwa." Ninyi mngeandika nini? La pili, mtu aliyekufa hivyo anahesabiwa kuwa amekufa vitani, ama ni mtu tu aliyekufa wakati wa vita?

#2 Mnyamwezi wa Ng'ambo

Pole sana mkuu. Huku Tabora nako wazee wa Keya walikuwa wengi. Babu yangu alirudi salama, akafa kwa kugongwa na baiskeli sokoni, 1961. Nafuatilia uzi.

#3 Simba wa Shirere

Sasa mlevi alitumbukia shimoni na mnataka mnara? Wengine walikufa kwa bomu, wengine kwa busaa. Andikeni ukweli, "alipotea njia."

#4 Karani wa Ngong Road

Simba, punguza ukali, kuna watu wanaomboleza hapa.

Mwana wa Malinya, swali lako la pili lina jibu, na si la kubahatisha. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kwa vita vya pili, inamhesabu kila aliyefariki akiwa bado kwenye utumishi wa jeshi kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Haiulizi alikufaje. Risasi, malaria, lori kupinduka, kuzama, yote kwao ni sawa. Na aliye likizo bado yuko kwenye utumishi, jina lake liko kwenye daftari la kikosi, anasubiriwa arudi. Hata anayezama akiwa na busaa tumboni.

Nenda siku moja makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Mbali na makaburi yenyewe kuna kumbukumbu mbili ambazo watu huzichanganya. East Africa Memorial ina majina ya waliokufa kwenye mapigano ya Somalia, kusini mwa Ethiopia na Madagaska, ambao hawana kaburi linalojulikana. Humo yumo Sajini Nigel Leakey wa Keya, aliyerukia kifaru cha Wataliano huko Colito tarehe 19 Mei 1941. Alipewa Victoria Cross akiwa ameshakufa, na mwili wake haukupatikana. Hao ndio watu huenda kuwapiga picha.

Ya pili inaitwa Nairobi Memorial. Ina majina karibu 500, ya watu waliofia mahali pasipo na mapigano: kambini, mazoezini, njiani, na wengine likizoni, vijijini huko ndani, makaburi yao yasionekane au yawe mahali ambapo Tume haiwezi kuyatunza. Mtu wenu ni wa ukuta huo. Sisemi jina lake liko. Nasema ukuta huo ulijengwa kwa watu kama yeye.

Orodha ya Tume iko kwenye intaneti, kutafuta ni bure. Ila usitafute jina kama unavyoliandika wewe. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Jaribu sh kwa ch, kh kwa k au h, l kwa r. Askari wengi wameandikwa jina moja tu, au jina na "mwana wa" fulani. Ukipata mwaka 1942 na Kenya, usiharakishe kufurahi, soma na nambari ya jeshi kama mnayo.

#5 Mchanga wa Yala

Mimi nina ugomvi na neno moja kwenye uzi huu: ajali.

Dhahabu ilipatikana karibu na mto Yala 1931. Mwaka uliofuata Wazungu walijazana Kakamega, wengi wakiwa wakulima walioumizwa na nzige na bei za mazao kuanguka. Sheria ya ardhi ya wenyeji ilikuwa imetoka 1930 tu, na ilisema serikali ikichukua kipande cha ardhi ya hifadhi, yaani iliyotengewa wenyeji, wenyeji wapewe ardhi nyingine yenye thamani ile ile. Wino haujakauka, Desemba 1932 ikabadilishwa haraka, wenyeji wakawa wa kulipwa fedha tu. Yaani ahadi ilidumu miaka miwili. Baada ya hapo kila mwenye sururu na kibali akatoboa. Aliyepata alikaa. Aliyekosa alihama, shimo akaliacha wazi kama kinywa. Rosterman yenyewe, mgodi mkubwa kuliko yote, ilifungwa 1952, lakini mashimo madogo yalikuwa yametelekezwa zamani.

Sasa mtu anachimba shimo kwenye shamba la baba yako, hajakuuliza, anaondoka bila kulifukia. Serikali iliyompa kibali ndiyo inakuja kukuita uende kupigana na Wataliano. Unakwenda, unarudi mzima, unatumbukia kwenye shimo lile. Halafu anayelaumiwa ni jirani yako aliyekuwa akilipwa senti kulichimba!

Simba wa Shirere anasema busaa. Sawa. Busaa ilimtoa barabarani. Haikuchimba.

#6 Simba wa Shirere

@Mchanga wa Yala hapo nimekupa. Lakini mashimo tunayo hadi leo, na leo wanaochimba ni sisi. Mkoloni ameondoka 1963, kila mvua kubwa bado tunasikia mtu amefukiwa. Hao tuwalaumu nani?

#7 Mchanga wa Yala

Uzi mwingine huo. Ufungue, nitakuja.

#8 Jakeya wa Ukwala

Ruhusuni Mjaluo achangie. Sisi tuna kisa kilichogeuzwa chenu nje ndani.

Ndugu ya nyanya yangu alikuwa kwenye mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walipanda meli Mombasa, Khedive Ismail, kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo). Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Ilizama chini ya dakika mbili. Waliokufa ni 1,297, na kundi kubwa kuliko yote ni hao vijana wa mizinga. Hakuna mwili uliorudi Ukwala.

Kwa desturi yetu mtu asiyepatikana hazikwi hewa. Wazee walikwenda kutafuta yago, lile tunda refu la mwegea linaloning'inia kama soseji kubwa, wakalizika badala yake, wakalia kama wanavyolia mtu. Mpaka leo kaburi liko, limepaliliwa, na watoto wanajua ndani mna tunda.

Ninyi mna mwili nyuma ya nyumba na mnausema uko Burma. Sisi tuna tunda na tunalisema tunda. Silaumu, wazee wenu walikuwa wanazima moto. Lakini moto ukishazimika miaka 80, ndoo ya maji mnaishikilia ya nini?

#9 Mama Watoto Chavakali

Nimesita sana kuandika.

Ndugu yangu alikuwa KDF, jeshi la Kenya. Alikwenda Somalia mara mbili. Zamu ya kwanza ilikuwa wakati ule Al Shabaab waliposhambulia kambi ya El Adde, Januari 2016, tukakaa siku nne bila simu yake, mama hali wala halali. Alikuwa kambi nyingine, akapiga simu akicheka. Zamu ya pili akamaliza salama, akaja nyumbani likizo. Siku ya sita ya likizo, saa moja jioni, akakodi bodaboda kwenda kununua mkate. Mkate! Lori la miwa halikuwa na taa.

Jeshi lilikuja. Jeneza lilivikwa bendera, vijana wenzake wakalibeba, tarumbeta ikapigwa, mama akakabidhiwa bendera ikiwa imekunjwa. Hakuna aliyeuliza kama alikufa vizuri. Wanakijiji ndio waliouliza. Mpaka leo mtu akinipa pole anaanza "kumbe ni Al Shabaab?" nikisema hapana, bodaboda, naona uso unashuka kidogo. Kama nimemnyang'anya kitu.

Kuna siku nilichoka, nikamjibu dereva wa matatu "ndiyo, ni Al Shabaab." Kwa hivyo hao akina mama wa 1942 nawaelewa kabisa. Sikuwahi kumwambia mtu hilo.

#10 Mwana wa Malinya

Mama Watoto, pole sana, dada yangu. Nimeusoma ujumbe wako kwa baba mdogo kwa simu. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

Karani, nimetafuta jina kwa namna saba. Kuna moja linakaribia, la 1942, lakini herufi mbili haziko sawa na nambari ya jeshi hatuna. Kukhu alisema baba yao aliitwa afisini mjini, akapewa fedha, akaombwa arudishe buti na kabuti. Buti alirudisha. Kabuti alisema limezikwa. Kama ni kweli au alilificha, kukhu hakujua, ila alisema mama yao hakuwahi kuhisi baridi miaka ile. Alicheka aliposema hivyo.

Jakeya, swali lako la ndoo nimelipeleka kwa baba mdogo pia. Jibu lake: ndoo ni ya wazee wa pande mbili, hatuwezi kuimwaga sisi peke yetu. Ule upande mwingine, hatujui walipo. Walihama, nadhani miaka ya sitini.

#11 Mjukuu wa Machimbo

Nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu. Nimeusoma mara tatu.

Nadhani yule rafiki ni babu yangu. Tulihamia Lugari 1965, baba akapata shamba kwenye skimu. Babu alifanya kazi machimboni akiwa kijana, alikufa 1987. Hatukuambiwa jina la askari. Kwetu anaitwa tu "yule wa kabuti."

Sisi tunaambiwa hivi. Askari alikuwa na tochi ya jeshi, kwa hivyo yeye ndiye aliyetangulia. Babu alimwambia apunguze mwendo, kingo za mashimo zimelainika na mvua. Yule akajibu kwamba ametembea Ethiopia usiku, hawezi kufundishwa kutembea kwao. Walikuwa wanataniana. Tochi ikaonekana inashuka, basi. Babu aliteremka akishika mizizi, akamshika ukosi wa kabuti, akashikilia hadi vidole vikafa ganzi. Watu walipofika na kamba alikuwa bado ameshikilia, lakini mwenzake alikuwa ameshakwenda. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Hivyo nilivishika mimi mwenyewe nikiwa mdogo.

#12 Simba wa Shirere

Sikatai, ila kabuti umelisoma hapo juu. Uzi kama huu huvuta watu.

#13 Mjukuu wa Machimbo

Ni haki kuuliza. Wazee walipopatana walichinja kondoo, si mbuzi wala fahali. Hawakuchinjia bomani. Walichinjia ukingoni mwa shimo, wakala hapo hapo, na mifupa wakaitupa ndani kabla ya kulifukia.

#14 Mwana wa Malinya

Wadau, kondoo sikuandika. Wala mahali. Rudini juu mkasome, nimesema "wakachinja" tu. Kukhu alinitajia kondoo, na alisema mifupa ililia ikianguka kwenye maji.

Mjukuu, habari ya tochi hatukuwahi kuisikia. Wala ya vidole.

#15 Jakeya wa Ukwala

Nimeacha chai ikapoa.

#16 Karani wa Ngong Road

Kabla hamjaandika chochote kwenye saruji: tarehe iliyo kwenye Biblia, neno "askari", basi. Mengine mtaongeza mkishaonana.

#17 Mwana wa Malinya

Mjukuu, nimekutumia nambari yangu kwa ujumbe wa faragha. Jumamosi ijayo, Khayega, saa nne asubuhi, pale stendi. Nimemwambia baba mdogo. Amesema atakuja, ila tusimwulize kitu chochote kwanza, tumpe nafasi anywe chai.

#18 Mjukuu wa Machimbo

Sawa. Nitakuja na shangazi, yeye alionyeshwa mahali penyewe na babu. Anasema siku hizi pana migomba. Mvua ikinyesha tupite njia ya juu.